Jinsi ya Kuwa Mbunifu wa Mavazi Mpakani Bila Kujua Kutunga Uzi

Nguo iliyoshonwa kwa kitambaa cha zamani sasa ni mali. Shati lililokuwa pazia, gauni lililokuwa gomesi ya bibi ya mtu, koti lililounganishwa kutoka suruali nne za jinzi: vyote vinatundikwa katika maduka yenye kiyoyozi Nairobi na Kampala, na bei yake humfanya mnunuzi asome lebo mara mbili akidhani kuna sifuri iliyozidi. Kama nawe unataka kuingia katika biashara hii, na huna cherehani, huna mkasi, wala hujawahi kutunga uzi kwenye sindano, usikate tamaa. Ujuzi si sharti. Sharti ni kufika Busia au Tororo, eneo la mpaka wa Kenya na Uganda, kwa sababu huko wako wenye ujuzi, na kazi yako itakuwa kusimama karibu nao wakati wa kupigwa picha.

Mwongozo huu una hatua nane. Ufuate kwa utaratibu. Atakayeruka hatua asimlaumu mtu akijikuta ameshona mwenyewe.

Hatua ya kwanza: Fika mpakani na uonekane umefika

Mpaka huu una faida ambazo mbunifu wa mjini hazipati. Hadi 1902 sehemu hizi zote zilihesabiwa kuwa Uganda, mpaka ukiwa mbali huko upande wa Naivasha. Waingereza wakausogeza magharibi, na tangu hapo Wasamia na Wateso wamekuwa na mashemeji ng'ambo. Kwa hiyo utapata wateja wa nchi mbili, mafundi wa nchi mbili na serikali mbili za kulalamikia, yote ndani ya mwendo wa miguu kati ya Marachi upande wa Kenya na Sofia upande wa Uganda.

Anza kwa kubadilisha fedha. Ukiwa na shilingi elfu arobaini za Kenya, ukivuka tu umekuwa milionea. Furahia cheo hicho haraka, maana kitadumu mpaka utakapoulizia bei ya zipu.

Vaa kitani cheupe, miwani mikubwa na kofia ya ukindu. Hivi ndivyo muuza nguo atakavyokutambua kutoka mbali na kupanga bei yake kabla hujafungua mdomo. Panda boda boda, tena umwambie dereva kwamba unajua usafiri huu ulizaliwa papa hapa Busia miaka ya 1960, kwa baiskeli zilizopeleka abiria na mizigo kutoka kituo cha nchi moja hadi kituo cha nchi ya pili. Atakubali kwa adabu. Nauli haitapungua.

Hatua ya pili: Hudhuria ufunguzi wa robota

Mitumba huja katika marobota yaliyobanwa na kufungwa kwa mikanda. Nje kuna maandishi ya aina ya nguo: mashati ya kiume, magauni ya pamba, mapazia. Ndani kuna siri ya Mungu. Mwenye robota amelilipia bila kuliona, kwa hiyo siku ya kulifungua huwa na sura ya mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa mwanawe.

Fika alfajiri. Mikanda ikikatwa, utaona akina mama waliokuwa wakizungumza taratibu wakigeuka kuwa mikono tu. Nguo bora, ile inayoitwa kamera, huondoka kabla hujaamua kama unaipenda. Zinafuata za daraja la kati. Mwisho kabisa inabaki fagia, marundo yanayouzwa kwa bei ya kufunga siku.

Mtu mwenye akili ya kawaida hukimbilia kamera. Wewe ni mbunifu, kwa hiyo akili hiyo haikuhusu. Subiri fagia. Humo mna vitu ambavyo hakuna mwili wa Busia unaovihitaji: gauni la mtu mwenye kimo na upana wa mlango, shuka lenye maua makubwa, pazia zito la hoteli, suti ya mzee aliyekuwa mnene wakati ambapo unene ulikuwa sifa. Mafundi wa hapa wameijua siri hii tangu zamani. Nguo kubwa kupita kiasi ni kitambaa cha bei nafuu kilichokosea njia kikashonwa. Gauni moja la aina hiyo hutoa blauzi mbili na kaptura ya mtoto, na mabaki yake yakawa mfuko.

Kabla ya kulipa, pima kitambaa kwa moto. Chomoa uzi mmoja ndani ya pindo, uuwashe kwa kiberiti. Pamba huwaka upesi, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Sufu huwaka kwa kusitasita na kunuka nywele. Poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha kidonge kigumu ambacho kitakuchoma kidole kama ukumbusho. Kipimo hiki ni nadra kudanganya. Kasoro yake kubwa ni moja: muuzaji anakutazama ukichoma bidhaa yake, na atakuuliza kwa sauti ambayo soko zima litaisikia, "Wewe umekuja kununua ama kutuunguza?"

Hatua ya tatu: Ingia Tororo ukitafuta gomesi

Mtumba kila mtu anao. Ukitaka kitambaa chenye heshima, panda gari kwenda Tororo, uutazame ule mwamba ukisimama peke yake juu ya mji, kisha uulizie gomesi kuukuu.

Gomesi ni ghala la kitambaa. Hula mita zipatazo sita. Ina shingo ya mraba, mabega yaliyochongoka, vifungo viwili upande wa kushoto na mshipi mpana unaoning'inia mbele. Ndani yake mvaaji hujifunga kikoi ili nyonga zikae kwa mamlaka. Jina la vazi lenyewe ni la fundi: Gomes, Mgoa aliyekuwa akishona Kampala mwanzoni mwa karne ya 20, na husimuliwa kwamba umbo lake lilianzia kwa wasichana wa shule ya Gayaza. Kumbuka jina hilo. Katika eneo hili lote ni vigumu kumtaja fundi mwingine ambaye jina lake limebaki kwenye nguo aliyoishona.

Sasa tatizo. Gomesi ya zamani haiko sokoni. Iko ndani ya sanduku, chini ya kitanda, na sanduku lina mwenyewe. Mfuate kwa adabu zote. Piga magoti kama wewe ni mwanamke, inama kama wewe ni mwanamume, salimia mpaka salamu ziishe, ulizia mvua, ulizia mihogo, ulizia wajukuu mmoja mmoja. Kisha ingia kwenye jambo lako:

"Mama, ile gomesi ya zamani unaweza kuniuzia?"

"Ya zamani kwako, mwanangu. Mimi nitazikwa nayo."

Hapa mbunifu asiye na mwongozo huaga. Wewe kaa. Chai ikija, kunywa. Baada ya kikombe cha pili mama atamtuma mjukuu alete nyingine, ya kijani, yenye maua ya rangi ya machungwa.

"Hii aliniletea wifi yangu, sijawahi kuipenda. Chukua. Bei ni ya ile ninayoipenda."

Lipa. Umefanya biashara na mtu aliyekuwa akiuza ng'ombe na mtama wakati wewe hujazaliwa, na kupunguziwa bei hakumo katika mkataba.

Hatua ya nne: Kipe kitambaa ukoo

Nguo haiuziki bila hadithi. Wanunuzi wa mjini hawalipii pamba, wanalipia babu yake pamba. Kwa bahati nzuri huna haja ya kutunga uongo, kwa kuwa ukweli wa huku unatosha na una aibu ya kutosha.

Waeleze kwamba pamba ililetwa kwa wakulima wa Uganda mwaka 1903, kupitia kampuni ya Uganda Company, na kwamba mashamba yakaenea mashariki yote hadi ng'ambo ya mpaka kule Samia na Teso. Waeleze kwamba baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954, Jinja ilipata umeme wa kuendesha viwanda, na kiwanda cha Nyanza Textiles, maarufu kwa jina la Nytil, kikafuma vitambaa vilivyowavisha wanafunzi, askari na makarani. Upande wa Kenya kulikuwa na Kicomi pale Kisumu na Rivatex pale Eldoret. Mkulima wa Busia aliweza kuuza pamba yake na kuvaa shati lililofumwa kwa pamba ya jirani, bila mtu yeyote kuitisha mkutano wa maonyesho.

Kisha, kwa sauti ya chini, waeleze yaliyofuata. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, waliokuwa na maduka ya vitambaa na waliokuwa wengi kati ya mafundi stadi wa miji kama Tororo. Bidhaa zikaadimika. Sabuni, sukari, chumvi na nguo zikawa za magendo, zikipitishwa usiku mpakani huku kahawa ikielekea upande wa pili. Ukipata shuka au kitenge cha miaka hiyo katika nyumba ya Tororo, uwezekano ni mkubwa kwamba kilivuka gizani, juu ya kichwa cha mtu. Na viwanda vya Kenya navyo vililegea pale soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na mitumba ikaingia kwa wingi. Kicomi ilifungwa. Rivatex ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na kuzinduliwa upya 2019.

Kwa hiyo nchi zilizolima pamba, zikaichambua na kuifuma, sasa zinapokea fulana zilizochoka kutoka Kanada na kuzipanga kwa madaraja. Usimalizie hadithi kwa uchungu huo. Mnunuzi atahuzunika, na mtu aliyehuzunika hanunui koti.

Hatua ya tano: Tafuta fundi, halafu ujifunze kalenda yake

Fundi yuko barazani mwa duka la mtu mwingine. Ana cherehani ya kukanyaga, Singer ya zamani au Butterfly, na ana haki ya kuipenda. Cherehani hiyo haijui habari za umeme kukatika. Ana pasi ya makaa, chaki, utepe wa kupimia shingoni, wembe, na mfuko wa vifungo alivyookoa kutoka mashati yaliyokufa.

Mwonyeshe picha kwenye simu. Chagua ile ya mwanamitindo mrefu, mwembamba, amesimama jangwani. Fundi ataitazama kwa makini, kisha atakutazama wewe, kisha atauliza:

"Na mvaaji ndiye huyu?"

Ukishajibu, mwachie. Tazama afanyavyo, kwa kuwa haya ndiyo utakayodai baadaye kwamba ni maono yako.

Kwanza hufumua. Havuti mshono. Hupitisha ncha ya wembe chini ya uzi, hukata kila baada ya mishono michache, na kitambaa huachana bila kuraruka. Vipande huoshwa, hupigwa pasi, kisha kimoja kimoja huinuliwa kuelekea jua. Jua husema yote. Mahali palipopauka, mahali palipochakaa kwa kiwiko, tundu la nondo, doa la mafuta, vyote vinaonekana. Fundi huzungushia chaki kila kasoro, na kuanzia hapo akili yake inafanya hesabu ambayo hakuna aliyemfundisha darasani: sehemu ngumu ya kitambaa iende wapi, sehemu dhaifu ifichwe wapi, ua la mbele likutane vipi na ua la mfukoni. Mara nyingine hugeuza kitambaa nje ndani, maana upande wa ndani haukupigwa na jua kwa miaka yote hiyo na rangi yake bado ni changa. Mafundi wa zamani walifanya hivyo hivyo kwa ukosi wa shati: ukilika, wanaufumua, wanaugeuza, wanaurudisha, na karani anaingia ofisini Jumatatu na shati jipya.

Kitambaa kilichozeeka hakipendi mshono mdogo. Kila tundu la sindano ni jeraha, na matundu yakikaribiana sana kitambaa hukatika kwa kufuata mstari. Fundi anajua, anachagua sindano nyembamba na kurefusha mshono. Penye udhaifu anaweka bitana. Penye tundu lisilofichika anatia kiraka, tena kiraka cha wazi, cha rangi nyingine, kilichokaa kwa ujasiri. Kiraka hicho ndicho kitakachosifiwa zaidi Nairobi. Utaulizwa wazo lilitoka wapi. Sema lilikujia usingizini.

Ama kuhusu kalenda. Fundi ana siku moja tu katika juma, nayo ni Ijumaa. Nguo yako itakuwa tayari Ijumaa. Ni Ijumaa ipi, hilo ni swali la watu wasio na subira. Ukienda ukaambiwa "imebaki vifungo tu," elewa kwamba kitambaa bado hakijakatwa. Ukiambiwa "jana ulikuwa hupatikani," elewa kwamba kitambaa hakijaonekana.

Lakini mtendee haki. Mpakani fundi ana misimu ya nchi mbili. Desemba kila mtoto anataka nguo ya Krismasi. Januari shule za Kenya zinafunguliwa, ni sare. Hajapumua, Februari zinafunguliwa za Uganda, ni sare tena. Katikati kuna sherehe za kutambulishana kwa wakwe, ambako ukoo mzima unataka rangi moja. Na kuna matanga, ambayo hayapangwi na hayangoji. Gauni lako la maonyesho litasubiri marehemu azikwe. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Neno moja kuhusu hali ya hewa. Ukiosha vitambaa Tororo, usivianike ukaondoka. Vitabu vya rekodi vinautaja mji huu kwa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka kati ya 1967 na 1976. Mtu anayetegemea jua katika mji wenye sifa hiyo ana imani kubwa, na imani haikaushi pazia.

Hatua ya sita: Jua usichoshona

Uhuru wa mbunifu una mipaka, na hapa mipaka ni ya nchi mbili.

Usishone chochote cha mabaka ya kijeshi, hata kama robota limejaa jaketi za namna hiyo na bei inavutia. Sheria za Kenya na za Uganda haziruhusu raia kuvaa mavazi ya jeshi, na askari wa kizuizini hatasikiliza maelezo yako kuhusu mtindo wa mjini Berlin. Kofia nyekundu nayo iache. Mwaka 2019 jeshi la Uganda liliitangaza bereti nyekundu katika gazeti rasmi la serikali kuwa ni sare yake, wakati ambapo wafuasi wa mwanamuziki mmoja aliyeingia siasa walikuwa wameizoea sana.

Sketi fupi, tumia busara. Amin alizipiga marufuku 1972. Marufuku hiyo imeshazikwa pamoja na mengi yake, ila shangazi zako wa pande zote mbili za mpaka hawakupata taarifa.

Suti ya Kaunda unaweza kushona, maana kaki ya zamani inaikubali vizuri. Hakikisha tu mteja si mbunge wa Kenya akiwa njiani kwenda kazini. Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula, mtu wa Bungoma, jirani yetu kabisa, aliizuia ndani ya Bunge, wakati rais wa nchi akiwa ameipenda hadharani.

Hatua ya saba: Vusha mzigo

Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa Februari 2018 na Marais Kenyatta na Museveni. Utaratibu wake ni mwepesi: taratibu za kutoka na za kuingia zinamalizwa mahali pamoja, upande wa nchi unayoingia. Ugumu hauko kwenye jengo. Uko ndani ya mfuko wako.

"Umebeba nini?"

"Nguo."

"Mpya ama mitumba?"

Hapo ndipo wasomi wamekwama. Ukisema mitumba, vitabu vya forodha vya dunia nzima vina mahali pake, kifungu cha 6309, na ushuru wake unajulikana. Ukisema mpya, utaulizwa zimetengenezwa wapi. Wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wana utaratibu wao mwepesi: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, wenye bidhaa zilizotoka ndani ya jumuiya, hupewa cheti rahisi cha asili na kusamehewa ushuru wa forodha. Mwenye kuku, mwenye maharagwe na mwenye mkeka wanapita. Zamu yako inafika. Kitambaa pengine kilifumwa China, kikavaliwa Kanada, kikashuka Mombasa ndani ya robota, kikafumuliwa Busia, kikashonwa Tororo na fundi ambaye mama yake ni Mkenya na baba yake Mganda wa Padhola. Asili yake ni wapi?

Usimjibu afisa kwa falsafa. Mweleze ukweli, mwonyeshe risiti, umwache aamue, kwa kuwa ameshaona mengi kuliko wewe. Ameona watu waliofika wembamba asubuhi wakarudi wanene jioni, wamevaa magauni matano moja juu ya jingine katika joto la Busia, wakitembea kwa hatua fupi na kutokwa jasho la usoni. Anawajua kwa majina. Njia za panya nazo anazijua, na panya wengine pia.

Na uwe tayari kwa marufuku. Marufuku ya mitumba ni sehemu ya majira yetu. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubaliana kwamba mitumba iondolewe kufikia 2019. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani walilalamika, Washington ikazungumzia kuondoa nafuu za AGOA za kuuza bidhaa Marekani bila ushuru, Kenya ikajitoa mapema, Uganda na Tanzania zikalegeza, na Rwanda peke yake ikakaza kamba mpaka 2018 iliposimamishiwa nafuu hizo kwa upande wa nguo. Mwaka 2019 ulifika. Mitumba nayo ikafika. Machi 2020 Kenya iliizuia kwa sababu ya Korona, Agosti ikairuhusu. Agosti 2023 Rais Museveni, akiwa Mbale, si mbali na Tororo, alitangaza kuipiga marufuku akisema ni nguo za wafu. Wauzaji walisikia tangazo hilo wakiwa sokoni, wakaendelea kupanga bidhaa.

Wewe jiweke pande zote mbili. Marufuku ikitangazwa, sema unaunga mkono viwanda vya nyumbani, kwani wewe ni kiwanda. Ikiondolewa, sema unaokoa mazingira. Zote mbili zina ukweli ndani yake, jambo linaloudhi kidogo kwa mwandishi wa kejeli.

Hatua ya nane: Piga picha, tia lebo, panga bei

Picha zipigwe Mwamba wa Tororo ukiwa nyuma. Mwanamitindo asipandishwe juu. Njia ina ngazi zilizosimama wima, na gauni la mita sita halikubuniwa kwa ngazi. Fundi naye apigwe picha, lakini mikono tu. Mikono huuza sana. Uso una jina, na jina huja na maswali kama vile analipwa kiasi gani.

Lebo iandikwe jina lako, kwa herufi nyembamba, kwenye kitambaa cheupe. Bei isitokane na hesabu. Ukianza kuhesabu, utaandika gharama ya gomesi, nauli, uzi, vifungo, bitana, ushuru, na malipo ya fundi, kisha utagundua kwamba mstari mfupi kuliko yote ni ule wa mtu aliyefanya kazi yote. Hesabu ya namna hiyo huharibu usingizi. Chukua gharama zote, zidisha kwa nambari unayoipenda, ongeza kodi ya duka la Nairobi.

Wapo wanaofanya kazi hii kwa uzito, nao uwaepuke wasije wakakuambukiza. Kampala kuna Buzigahill ya Bobby Kolade, ambayo tangu 2022 imekuwa ikichukua mitumba ya sokoni, kuifumua, kuishona upya na kuiuza katika nchi zilezile zilizoitupa. Mkusanyo wenyewe unaitwa Return to Sender, maneno ya posta kwa mzigo unaorudishwa ulikotoka. Watu wa namna hiyo wanahangaika na maswali ya nani alivaa, nani alitupa, nani alishona. Wanachelewesha biashara.

Kwa waliofika hadi hapa

Kama umesoma hatua zote nane na bado unataka kuwa mbunifu, sasa kejeli tuiweke kando, maana kuna kazi.

Kazi hii si ngeni huku. Gauni la mama lilikuwa sketi ya binti, sketi ikawa kaptura ya mdogo wake, kaptura ikawa kitambaa cha kufuta meza, muda mrefu kabla duka lolote halijatundika nguo kama hiyo. Kipya ni bei tu, na bei hiyo haijafika barazani. Anayejua mahali pa kukata, mahali pa kugeuza na mahali pa kuweka kiraka ni fundi. Mnunuzi analipia ujuzi huo, hata kama anadhani analipia lebo.

Kwa hiyo ukienda Busia au Tororo na kitambaa cha zamani mkononi, lipa nusu ya fedha siku unayokiacha, kwani fundi hununua uzi kabla ya kushona. Usipunguze bei ya mkono kwa sababu kitambaa ni kuukuu. Kitambaa kuukuu ni kigumu zaidi kushona kuliko kipya, na kazi ngumu hulipwa zaidi. Nguo ikiuzwa mjini kwa bei ya mjini, rudi umpe sehemu yake, mliyokubaliana mapema na kuandikiana. Na kwenye lebo, chini ya jina lako, andika jina la fundi na mji wake. Gomes alipata heshima hiyo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na gomesi haikupoteza hata mteja mmoja kwa ajili hiyo.